Inchi Tatu za Kabati

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza tena. Lori langu la kwanza lilibebwa na mto Nzeeu nikiwa nimesimama ukingoni na ufunguo mkononi, na jioni hiyo nikala ugali wangu nikamaliza. Nimeona mtu niliyemwajiri akiwa hana viatu akigombea kiti dhidi ya mtu wangu, akashinda, na mimi nikampelekea mbuzi. Shule niliacha darasa la sita, mkitaka kujua, na leo maduka ya vifaa vya ujenzi yenye jina langu yako Kabati, Kitui mjini na Wote, na wahandisi wenye vyeti vya kutundikwa ukutani wananiuliza mimi ukuta utabeba ama hautabeba. Kwa hivyo kijana wa Mzee Athumani aliponipigia simu kuniambia baba yake ameaga na atazikwa kabla ya alasiri, sikuketi chini kushika kichwa. Nilivaa koti jeusi, nikajaza mafuta, nikaenda Kitui kama mtu anayeenda kupokea mzigo.

Mzee Athumani alikuwa mwandika alama wetu miaka ile ya ligi ya vishale. Familia yake ilitoka pwani zamani sana ikafungua duka la vitambaa mjini, na yeye hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, lakini kwa sababu ya hesabu yake ya haraka na mdomo wake usiopendelea mtu, baa zote za Kitui na Makueni zilimkubali awe hakimu. Baada ya mazishi tuliketi barazani kwao, tukapewa kahawa chungu na tende. Watu wawili watatu walikuwa wakilisifu gari langu, na mimi nimewaacha waendelee, ndipo nikasikia sauti kutoka ng'ambo ya barabara.

"Kapteni. Tairi yako ya nyuma ina msumari."

Niliijua kabla ya kugeuka. Nzioka, mchezaji wangu wa miaka ile, alikuwa amesimama kando ya ukuta wa ng'ambo, mikono nyuma, mzee mwembamba ndani ya suti ya kijivu aliyoshona mwenyewe. Nikaenda kwa gari nikainama. Sikuona kitu. Nikatoa miwani yangu mfukoni, nikavaa, nikapapasa raba kwa kidole, na hapo ndipo nikaupata: kichwa cha msumari kidogo kama punje ya mtama, kimezama katikati ya mistari ya tairi. Yeye alikuwa amekiona kutoka ng'ambo ya barabara, bila kitu usoni.

"Na miwani yako iko wapi?" nikamuuliza alipovuka.

"Ile? Iko kwa droo tu. Kuna madaktari walikuja kupima watu macho bure kanisani kwetu, miaka mingi sasa. Wakaniambia, mzee, haya macho hayana kitu, na hayajawahi kuwa na kitu. Nani alikuambia uvae miwani?" Akacheka, akanigonga begani. "Nikawaambia hata sikumbuki ni nani."

Alikumbuka. Alijua ni mimi. Lile lingine ndilo hakujua. Na mimi ambaye hakuna kitu kinanishangaza nilibaki nimeshika mlango wa gari, kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa na mto wa kulalia, na mto wenyewe ulikuwa huu: kwamba pengine macho ya Nzioka yalikuwa yanaharibika kweli, na kwamba nililofanya mimi halikubadilisha kitu. Sasa mto umeondolewa kichwani mchana, mbele ya watu, na mwenye kuuondoa anacheka.

Mwaka ule wa ligi nilikuwa na chumba kimoja tu duniani cha kujivunia, baa yangu ya Kabati. Mbele ilikuwa bucha, nyuma ilikuwa jikoni ya Mama Ndinda, mpishi wangu, na katikati ukumbi mrefu wa sakafu nyekundu ya simiti, unaosuguliwa kila asubuhi kwa nta mpaka mtu akiingia anaona vivuli vya miguu yake. Bodi ya vishale ilining'inia ukuta wa mwisho chini ya taa ndefu nyeupe. Kulikuwa na harufu ya nta, ya mafuta ya mbuzi na ya chaki. Nimejenga majumba baada ya hapo, nimejenga hata ghorofa, lakini nikiota niko nyumbani naota niko katika chumba hicho. Watu wa soko la Kabati walikuja pale kabla ya ligi kuwa ligi, wakicheza kwa soda. Halafu msambazaji wa vinywaji wa Nairobi akaja na mpango: klabu sita, Kabati, Tulia, Kitui mjini na Mwingi upande wetu, Wote na Kasikeu upande wa Makueni, kila moja itembelee zile nyingine, na kila mchezaji alipwe akicheza. Kulipwa kwa kurusha vishale. Kulikuwa na wazee waliodhani ni utapeli. Zaidi ya hayo, mchezaji atakayefanya vizuri kuliko wote atachukuliwa Nairobi, achezee klabu ya kampuni, apewe kazi stoo na nyumba ya kukaa. Mimi nikajifanya kapteni siku hiyo hiyo. Nilinunua mashati ya buluu. Watu hupenda kuniuliza ile ligi ilinigharimu pesa ngapi, na mimi huwajibu kwa kutaja mbuzi niliowachinjia wageni, kwa sababu mbuzi wanahesabika na ni sifa.

Nzioka hakuwa na haja ya kushawishiwa. Alikuwa fundi wa nguo katika veranda iliyotazamana na bucha yangu, na mabwana harusi walitoka Mwingi kuja kushonewa suti na yeye. Alikuwa mkimya, mtu wa kanisa ambaye aliingia baa kwa ajili ya bodi peke yake na kunywa soda ya tangawizi. Alivaa tepu ya kupimia shingoni kutoka asubuhi mpaka anaporudi kwake. Hata akicheza haivui, anaisukuma tu ianguke mgongoni isikamate mkono. Tulimwita Sindano. Kwa wasioujua mchezo, unaanza na mia tano na moja, kila unachopiga kinapunguzwa, mpaka ufike sifuri, na kishale cha mwisho lazima kiingie dabo, ule mkanda mwembamba ulio pembeni kabisa mwa bodi. Wengi wanashuka haraka halafu wanakwama hapo mlangoni. Nzioka hakukwama. Dabo ishirini, ile ya juu kabisa, aliipiga kama mtu anayefunga kifungo cha shati lake. Mkewe alikuwa ameshaanza kuuliza shule za Nairobi ziko aje.

Sasa niseme kuhusu fimbo, kwa sababu kila kitu kiko hapo. Katika baa za kwetu mchezaji anasimama nyuma ya mstari uliochorwa sakafuni, na umbali kutoka bodi mpaka mstari ni futi saba na inchi tisa na kidogo. Kila klabu ilikuwa na fimbo yake iliyokatwa kwa kipimo hicho, inakaa nyuma ya kaunta. Wageni wakifika, kabla ya kuketi, mwenyeji anampa kapteni wa wageni fimbo, yeye anailaza sakafuni, anaona mstari uko sawa, anairudisha kwa mikono miwili na kusema asante. Ndiyo heshima. Kuja na kipimo chako kutoka kwenu ilikuwa sawa na kumwambia mwenyeji ni mwizi, na bado unangojea nyama yake. Hakuna mtu alifanya hivyo. Nilizunguka hizo klabu zote na sikuwahi kuona mtu akifanya hivyo.

Mechi yetu ya kwanza nyumbani ilikuwa na Kasikeu, na tulichapwa. Wakulima wa Kasikeu walikuja na kapteni wao Kioko, mtu mfupi mwenye kicheko kirefu, muuza maembe, na wakatupiga mbele ya soko letu lote. Nzioka peke yake alishinda mchezo wake. Baadaye tukaketi kula, maana desturi ni kwamba mwenyeji analisha awe ameshinda ama ameshindwa. Mama Ndinda alileta muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, na mbuzi wa kuchemsha, na Kioko akashika mfupa akaninyooshea.

"Kapteni, huyu mbuzi wako ni mtamu. Huyu angalau amekufa kwa sababu. Nyinyi mmekufa bure."

Watu wangu wenyewe walicheka. Nzioka alicheka. Hata mimi nilicheka, na nikamwongezea nyama, lakini nilikuwa nimekatwa mahali. Nilikuwa kijana aliyeinuka kutoka kubeba mchanga kwa mgongo, na niliona kila mtu anayecheka anacheka ule mgongo.

Jumapili iliyofuata soko lilikuwa kimya, watu wote wako kanisani, nyimbo zinasikika kutoka pande tatu. Nilijifungia ukumbini. Nilichukua mti wa mukau uliobaki kwenye paa la jikoni nikakata fimbo mpya, ndefu kuliko ya zamani kwa inchi tatu, nikaipiga msasa, nikaipaka mafuta machafu ya gari ionekane ya miaka. Ile ya zamani nikaitia jikoni, chini ya sufuria ya Mama Ndinda. Mstari wa zamani niliusugua kwa mafuta ya taa mpaka ukatoka, nikapaka nta nyekundu juu yake, nikachora mpya nyuma kidogo. Wakati Mama Ndinda anarudi na kitambaa chake cha kanisa nilikuwa nimeketi nje nikinywa chai. "Umesugua sakafu wewe mwenyewe?" akaniuliza. "Leo mvua itanyesha." Inchi tatu hazionekani kwa jicho. Ila mkono unaziona. Mkono wa mgeni umezoea umbali wa dunia nzima, ukifika Kabati kishale kinaanguka chini kidogo ya mahali alipotaka, na mgeni anadhani amechoka na safari. Watu wangu kwa wiki mbili walilalamika kidogo, halafu mikono ikazoea. Nilifikiria hayo yote kabla ya kukata fimbo. Mtu asiyesoma anafikiria sana. Nilichokosa kufikiria ni mkono mmoja tu.

Tulianza kushinda nyumbani. Tulia walikuja wakalala, Mwingi wakalala, Kitui mjini wenye mashati ya kola wakalala. Makapteni wao walilaza fimbo yangu sakafuni, wakainama, wakasema asante, nami nikapokea kwa mikono miwili. Ugenini ilikuwa hadithi nyingine. Wale wengine wa timu yangu walikuwa warushaji wa kubahatisha, wakikosa kule ni kama walivyokosa hapa, hakuna aliyeshangaa. Lakini Nzioka hakuwa mtu wa kubahatisha. Mkono wake ulikuwa umejifunza Kabati vizuri kuliko wetu wote kwa sababu ulikuwa bora kuliko wetu wote, na alifanya mazoezi kila jioni, mia kwa mia, kwenye mstari wangu. Tulipoenda Tulia vishale vyake vilipanda juu. Vilipanda kidogo tu, upana wa kidole. Kwa dabo ishirini upana wa kidole ni nje ya bodi. Alisimama pale akivitazama ukutani kama mtu aliyeona kiatu chake kwa mguu wa mtu mwingine.

"Taa yao ni mbaya," akasema tukirudi.

"Ni mbaya sana," nikasema.

Kitui mjini taa ilikuwa nzuri, na akakosa. Kasikeu akakosa tena, na Kioko hakumcheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, alimletea kiti. Ligi ilikuwa bado iko wazi kwa sababu nyumbani Nzioka aliwachinja wote, na alama zake na za Kioko zilikuwa zinakimbizana. Lakini alianza kuwa kimya kwa namna nyingine. Nilimwona verandani akiinua sindano juu, akiitazama tundu lake kwa jicho moja, halafu kwa lingine.

Jioni moja tulikuwa jikoni, yeye na mimi na Mama Ndinda, tukila ndengu na chapati kabla ya watu kujaa. Ilikuwa jikoni ndogo, mafiga matatu, ukuta mweusi, na mtu akikaa magoti yanamgusa mwenzake. Mama Ndinda alikuwa akisikiliza huku anageuza chapati.

"Fundi, nikuambie na usikasirike," akasema. "Mama yangu alianza hivyo. Hapa nyumbani alichota chumvi bila kuangalia, anatembea kila mahali. Ukimpeleka kwa dada yake anagonga viti vyote. Kumbe macho yalikuwa yameenda, anatembea kwa mazoea."

Nzioka aliacha kutafuna. Aliweka chapati chini, akanigeukia. Sitasahau vile alivyogeuka, kwa mwili wote, kama mtu anayetaka kusikia vizuri.

"Kapteni, wewe unanitazama kila siku. Niambie ukweli. Ni mkono ama ni macho?"

Ningeweza kusema pale. Mama Ndinda alikuwa anajua kuniita mjinga na bado tungekula. Ningeweza hata nisiseme, nipige mstari upya usiku huo, mkono wake urudi polepole, na hakuna mtu angejua. Lakini Wote walikuwa wanakuja Kabati wiki hiyo, na tukishinda tunaongoza jedwali. Nilichovya chapati yangu kwa ndengu, nikaila, nikameza.

"Ni macho," nikasema. "Enda upimwe."

Alienda Machakos, duka la miwani. Alinisimulia mwenyewe: muuzaji alimwambia macho si mabaya, na yeye ndiye aliyesisitiza, akisema kuna mtu anayemjua vizuri ambaye ameona shida. Basi akapewa miwani ya nguvu kidogo, ya fremu nyeusi. Ilimfanya aonekane mwalimu. Wateja wake walipenda. Lakini alisema sakafu inapanda na kushuka, na alianza kupiga mistari ya suti mara mbili, anafumua anashona tena, na siku moja bwana harusi wa Mwingi alirudisha koti lenye mabega mawili yasiyolingana. Nzioka alimrudishia pesa zake zote, akakunja lile koti akaliweka chini ya mashine. Mimi nilikuwa ng'ambo, nakata nyama, naona yote.

Mzee Athumani ndiye aliyenijia. Siku ya mechi ya Wote, baada ya kuwashinda, aliketi nyuma uani na chai yake ya rangi, kwa sababu ndani hakupenda kukaa mchezo ukiisha. Aliniita kwa kidole.

"Mwanangu, mimi naandika alama za klabu zote," akasema kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka. "Wageni wote wanaokuja hapa kwako vishale vyao huanguka chini. Wa Mwingi, wa Tulia, wa Wote. Na fundi wako akitoka hapa, vyake hupanda juu. Watu wa miji mitano hawana mkono mmoja."

"Ni sakafu, mzee. Inateleza."

"Yawezekana." Alipuliza chai. "Mimi si mwenye kupima. Anayepima ni kapteni wa wageni, naye amekwisha kusema asante. Lakini yule kijana anavaa miwani."

Nilimwambia Mama Ndinda amwongezee chai. Hakuinywa. Alikuwa ameniachia mlango, na mimi nikaona ni afadhali asiseme kitu kuliko aseme, na sikuuliza kwa nini hakusema. Nafikiri aliamini mtu anafaa kupewa nafasi ya kujirekebisha mwenyewe. Alinipa mpaka kufa kwake.

Siku ya mwisho ilikuwa Wote, klabu zote sita pamoja, na mtu wa kampuni kutoka Nairobi ameketi mbele na mkoba magotini. Ukumbi ulikuwa na mapazia ya manjano na feni iliyozunguka kama imelazimishwa. Walitupikia pilau na kuku, na nakumbuka Nzioka hakula, alipanga mifupa ya kuku kwenye ukingo wa sahani kwa urefu, kutoka mdogo hadi mkubwa. Mkewe alikuwa amekuja, amevaa kitambaa kipya, amekaa karibu na mlango na mkoba wake juu ya mapaja kama mtu anayengojea kuitwa. Hesabu ilikuwa imebaki yeye na Kioko. Nzioka alishuka vizuri, kwa maana ukilenga sehemu kubwa za bodi upana wa kidole unasameheka, na akafika arobaini, mbele ya Kioko kwa mbali. Dabo ishirini moja tu. Ukumbi ukatulia mpaka feni ikasikika.

"Unahitaji arobaini," Mzee Athumani akasema.

Nzioka alisukuma tepu mgongoni. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena akaitia mfukoni. Kishale cha kwanza kilipiga waya wa juu kikaanguka. Cha pili kilikaa juu ya waya, kwenye raba nyeusi, nje. Kabla ya cha tatu alinigeukia, na mimi nilikuwa hatua chache nyuma yake, nikiwa na shati la buluu la kapteni. Neno moja lingetosha. Ningesema, teremsha mkono. Kapteni anaruhusiwa kusema. Lakini angeniuliza kwa nini, sio pale, baadaye, njiani, angeniuliza nilijuaje. Niliinua kidole gumba.

Cha tatu kiliingia juu ya cha pili, karibu vigusane. Kioko alikuja akamaliza, na hakusherehekea. Alimwinamia Nzioka. Nairobi akaenda yeye, na bado yuko huko, nasikia ana nyumba yake. Kombe la timu tulichukua sisi, kwa ushindi wa nyumbani. Nililibeba kichwani kutoka kwenye gari mpaka ndani ya bucha, na watu wa soko wakanifuata wakiimba.

Nzioka aliacha suti. "Suti inataka macho," aliwaambia wateja, akiwaelekeza kwa mafundi wengine kama mtu anayetoa vyombo vyake kwa majirani. Kabla ya mwaka kwisha alihamisha mashine akaenda Tulia, akawa anashona yunifomu za shule na kutia viraka magunia. Bodi hakuigusa tena. Mimi niliuza baa miaka michache baadaye, nikaanza vifaa vya ujenzi, na mwenye kununua akaweka vigae juu ya ile sakafu nyekundu. Futi za chuma, zile tepu za kupimia, nauza kila siku. Mteja akivuta moja kaunta kujaribu kama inarudi vizuri, mimi huangalia kando.

Siku chache baada ya kumzika Mzee Athumani nilienda Tulia. Sasa aliyejua alikuwa amebaki mmoja, mimi. Duka la Nzioka limepakana na posho mill, unga unaingia kwa dirisha, na kaptula za watoto zimerundikwa mpaka mlangoni.

"Ingia, Kapteni. Usikanyage hizo kaptula, ni za watu."

Sikuketi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, fimbo, mukau, mafuta ya taa, jikoni, Wote. Mwanzoni mguu wake uliendelea kwenye pedali, anamalizia mfuko. Halafu mashine ikanyamaza.

"Inchi ngapi?"

"Tatu."

"Mbele ama nyuma?"

"Nyuma."

Akavuta tepu shingoni, akaweka kidole gumba kwenye tatu, akatazama kile kipande.

"Hii ni upindo wa suruali," akasema. Kinu cha jirani kiliunguruma kikanyamaza. "Na mimi nilikuwa nayo shingoni. Kila jioni. Ningeinama tu."

"Kwa nini hukuinama?"

"Nipime kwako?" Aliniangalia kama mtu asiyejua anachosema. "Athumani alijua?"

"Nafikiri alijua. Aliniambia mimi."

"Na ile jioni nilikuuliza."

"Nilisema macho."

"Ulisema macho." Alikunja tepu kwa vidole viwili, taratibu, mpaka ikawa duara dogo.

Basi mimi nikaanza kutoa. Mashine ya umeme, mpya, ya kutoka Nairobi. Duka upande wa mbele wa jengo langu Kabati, bila kodi, maisha yake yote, na kibao kikubwa cha suti. Niliongea kama ninavyoongea nikinunua shamba. Aliniacha nimalize.

"Umemaliza? Mimi nimepita miaka sitini. Suti za Kabati sasa zinashonwa na vijana, na wanashona vizuri, nimeenda kuona. Hilo duka nifanyie nini?"

"Basi taja wewe. Chochote."

Alivuta droo ya mashine, akasukuma pembeni vifungo na chaki, akatoa miwani ya fremu nyeusi, mkono mmoja umefungwa kwa uzi wa buluu wa yunifomu. Akaiweka juu ya mfuko aliokuwa anashona.

"Hii ndiyo uliniambia ninunue, ninaweza kujua bei yake. Hayo mengine siwezi kuyapima, kwa hivyo tuyaache." Akataja bei. Aliikumbuka bila kufikiri.

Nilitoa noti nne za elfu moja moja, nikamwambia abaki na chenji. Alisimama, akapita kati ya kaptula bila kuzigusa, akaenda posho mill, nikabaki peke yangu na ile miwani. Nikaijaribu. Hata kwangu mimi, ambaye macho yamechoka kweli, haikusaidia kitu. Alirudi na mikono ina unga, akanihesabia kiganjani noti ya mia na sarafu mbili za ishirini, akaketi, akakanyaga pedali. Kwa hivyo wanaopenda kuniuliza ile ligi ilinigharimu pesa ngapi, sitawatajia mbuzi tena. Ni shilingi elfu tatu, mia nane na sitini.